Huna makaratasi Marekani, unaweza kupata grini kadi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayojirudia kila wiki kwenye magrupu ya WhatsApp ya Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi walioko Marekani, na yanaulizwa zaidi usiku, kwa inbox, na watu wanaoogopa kuuliza mbele za wenzao. Majibu yanahusu Marekani tu, Uingereza na Kanada wana sheria zao. Mimi sio loya na hii haichukui nafasi ya loya, ila ukisoma utajua cha kumuuliza, na utamgundua anayekudanganya.

## Mambo ya msingi

1. Jibu fupi tu: mtu asiye na makaratasi anaweza kupata grini kadi au haiwezekani?

Wapo wanaoweza, na wengi kwa sasa hawawezi. Sheria inaangalia vitu vitatu: uliingiaje, nani anakuombea au umepatwa na nini, na kama ulishawahi kutoka ukarudi. Miaka uliyokaa peke yake haikupi kitu. Ndio maana unakuta mtu ana miaka 22 hapa, analipa kodi, kanisani ndiye mweka hazina, na hana njia, halafu kuna kijana wa miaka mitatu viza imeisha kaoa raia na anapata. Inauma sana lakini ndivyo sheria ilivyoandikwa.

Msamaha wa jumla uliwahi kutolewa mara moja, mwaka 1986 enzi za Reagan, watu kama milioni 2.7 wakapata ukaazi. Tangu hapo haujatoka mwingine, kwahiyo ukitumiwa meseji kwamba "msamaha umetoka, lipia fomu mapema" ujue ni wizi. Kuna pia kifungu cha watu waliokaa muda mrefu, kinaitwa rejistri, ila lazima uwe uliingia kabla ya tarehe 1 Januari 1972 na tarehe hiyo haijasogezwa tangu 1986.

2. Mi niliingia na viza ya utalii ikaisha, jamaa yangu alivuka mpaka wa Mexico kwa miguu. Si wote hatuna makaratasi, kesi zetu zina tofauti gani?

Tofauti kubwa mno, hili ndilo la kuelewa kabla ya mengine yote. Wewe afisa alikuona, akakuruhusu, ukapewa I-94, rekodi rasmi ya kuingia kwako. Hiyo kisheria ni kuingia kwa kukaguliwa na viza kuisha baadaye hakuifuti. Jamaa yako hakukaguliwa, kwahiyo hata akioa raia kesho, kwa kawaida hawezi kumalizia kesi yake hapa ndani kwa fomu I-485, ile ya kuomba grini kadi bila kutoka Marekani. Aliyeachiwa mpakani kwa paroli rasmi (ruhusa ya muda ya kuingia) yuko tofauti, paroli inahesabika, ila aangalie karatasi yake imeandikwa nini hasa maana sio kila aliyeachiwa alipewa paroli.

Kuna mlango mmoja wa zamani, kifungu cha 245(i). Kama ndugu au mwajiri alifungua ombi kwa ajili yake mpaka tarehe 30 Aprili 2001, anaweza kumalizia hapahapa kwa kulipa faini ya dola 1,000, akitimiza masharti mengine. Na ombi lile laweza kuwa la baba au mama yake, yeye akiwa mtoto tu wakati ule. Waulizeni wazazi wenu wakiwa bado wanakumbuka, wapo watu wana haki hii na hawajui.

3. Paspoti yenye muhuri ilipotea kitambo, nitathibitishaje kwamba niliingia kihalali?

Kama uliingia kwa ndege kuanzia 2013, I-94 yako ni ya kielektroniki, angalia kwenye tovuti ya CBP, idara ya ukaguzi mipakani, kwa jina na namba ya paspoti (jaribu pia majina yakiwa yamegeuzwa, majina yetu wanayachanganya sana). Kama ni ya zamani, loya anaomba faili lako serikalini kwa sheria ya kupata taarifa, FOIA. Fanya hivyo kabla ya kujaza fomu yoyote, kwasababu faili hilo pia litakuonyesha kama kuna kesi au amri ya jaji usiyoijua.

4. Hii "ban" ya miaka 3 na miaka 10 ni nini hasa?

Ni sheria ya 1996. Ukikaa bila uhalali zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka, halafu ukatoka, huruhusiwi kurudi kwa miaka 3. Ukikaa mwaka au zaidi halafu ukatoka, ni miaka 10. Angalia neno "ukatoka". Ban haikupati ukiwa ndani, inakupata pale unapoondoka, na ndio maana watu walioamua kwenda "kurekebisha mambo ubalozini" wamekwama Nairobi na Dar na watoto wamebaki huku.

Siku hazihesabiki ukiwa chini ya miaka 18. Na wanafunzi wa viza ya F-1 ambao I-94 yao imeandikwa D/S (yaani muda wote wa masomo, bila tarehe ya mwisho), siku zao hazianzi kuhesabiwa mpaka afisa wa uhamiaji au jaji aamue rasmi kwamba wamevunja masharti. Nimeona watu walioacha chuo miaka mingi wanajihesabia ban ambayo hawana. Muulize loya kabla hujakata tamaa.

## Ndoa na familia

5. Viza yangu iliisha zamani, sasa nimeoana na raia wa Marekani. Nina nafasi?

Ndiyo, kama uliingia kwa kukaguliwa hii ndiyo njia inayowatoa watu wetu wengi. Mwenza wa raia, mtoto wa raia ambaye hajaoa na yuko chini ya miaka 21, na mzazi wa raia aliyetimiza 21, hawa sheria inawasamehe kupitiliza muda na hata kufanya kazi bila kibali. Mwenza anafungua I-130, fomu ya kumuombea ndugu, wewe I-485, unaomba na kibali cha kazi humohumo, mnaitwa intavyuu. Mwenza anasaini pia I-864 kwamba atakubeba kipato, kinachotakiwa ni asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kwa ukubwa wa familia yenu, akipungukiwa mnatafuta sponsa wa kushirikiana naye.

Ndoa ikiwa na chini ya miaka miwili siku unapopewa, kadi ni ya miaka miwili tu, na ndani ya siku 90 kabla haijaisha mnajaza I-751 kuondoa masharti. Watu wanasahau hii halafu wanarudi kuwa bila uhalali. Na mwenza wako raia akifariki kabla hamjamaliza, mjane au mgane ana miaka miwili ya kujiombea mwenyewe, usidhani kesi imezikwa naye.

6. Mume wangu ana grini kadi tu, sio raia. Anaweza kuniombea?

Kuomba anaweza, ila ule msamaha wa kupitiliza muda haukuhusu wewe, ni wa ndugu wa raia. Wengi wanasubiri mume apate uraia kwanza, kwa kawaida baada ya miaka 5 ya grini kadi. Kama mumeo ana sifa na anachelewa tu kwa uvivu wa mtihani wa Kiingereza na historia, kaa naye mezani mzungumze, maana huo mtihani wake ndio makaratasi yako.

7. Mke wangu ni raia lakini mimi sikukaguliwa mpakani. Ndio basi?

Sio basi, ila ni safari ndefu. Mke anafungua I-130, ikikubaliwa unaomba msamaha wa ban ukiwa bado hapahapa kwa fomu I-601A, ndipo unatoka kwenda kwenye intavyuu ubalozini. Unatakiwa kuonyesha kwamba ukikataliwa, mwenza au mzazi wako aliye raia au mwenye grini kadi atapata taabu kubwa kupita ile ya kawaida: ugonjwa, madeni, mzazi anayemhudumia, hatari ya kuhamia kwenu. Watoto hawahesabiki hapa, hata wakiwa raia. Msamaha huu unafuta ban ya kukaa bila uhalali tu, ukiwa na kosa jingine ubalozi utakukatalia na utakuwa ushatoka, kwahiyo hii usiifanye mwenyewe kwa kuangalia YouTube.

8. Mtoto wangu kazaliwa hapa, ana paspoti ya Marekani. Si ananipa haki ya kukaa?

Hapana, ndugu yangu. Mtoto raia anaweza kumuombea mzazi akifikisha miaka 21, sio kabla, na hata hapo swali la 2 linabaki palepale, uliingiaje. Kumzaa hapa pia hakukuzuii kudipotiwa. Faida yake nyingine iko kwenye swali la 14.

9. Kuna mtu ananitafutia wa kuoana naye kwa hela. Watu si wanafanya?

Wanafanya, na wengine wamejifungia mlango milele. Ikionekana ndoa ilikuwa ya karatasi, ombi lolote la baadaye litakataliwa, hata ukija kupendana kweli na mtu mwingine na kuzaa naye watoto watatu. Adhabu ya jinai inafika jela miaka 5 na faini dola 250,000, kwako na kwa huyo uliyemlipa. Na huyo mtu akishapokea hela anakushika, kila mwezi anaongeza bei na unaogopa kwenda polisi. Kama njia yako pekee ni hii basi kwa sasa huna njia, bora ubaki na jina safi sheria ikija kubadilika.

10. Mume wangu raia ananipiga na anasema nikiongea atawapigia ICE, askari wa uhamiaji. Nifanyeje?

Dada yangu, soma hapa polepole. Sheria inakuruhusu ujiombee mwenyewe bila yeye kujua wala kusaini chochote, kwa fomu I-360 chini ya VAWA, sheria ya kuwalinda wanaofanyiwa ukatili nyumbani. Wanaume pia inawahusu, na wazazi wanaoteswa na mtoto raia mwenye miaka 21 au zaidi. Ukatili sio ngumi tu: kukuficha paspoti, kukukataza simu, kukutisha kila siku na uhamiaji, vinahesabika. Na aliyeingia bila kukaguliwa hafungiwi kumalizia hapa ndani kwa njia hii, tofauti na swali la 7. Hata mkiachana unayo miaka miwili ya kuomba, kama talaka ilitokana na ukatili huo.

Anza kukusanya vitu na uviweke kwa mtu unayemwamini: meseji, picha, karatasi za hospitali, cheti cha ndoa, bili zenye majina yenu wote. Kama anayekutesa sio raia wala hana grini kadi, kuna viza ya U kwa waliofanyiwa uhalifu na wakasaidia polisi (zinatolewa 10,000 tu kwa mwaka, foleni ni ya miaka mingi) na viza ya T kwa waliosafirishwa na kutumikishwa. Hiyo ya T wafanyakazi wa ndani wetu wengi hawaijui kabisa, yule binti aliyeletwa na familia kulea watoto akanyang'anywa paspoti na kulipwa kiduchu, huyo aende kwa loya leo.

## Njia nyingine watu wanazoulizia

11. Naweza kuomba ukimbizi nikiwa tayari nipo hapa bila makaratasi?

Kuomba hifadhi kwa I-589 hakuhitaji uwe na uhalali wala hakujali uliingiaje, lakini muda ni mwaka mmoja tangu uingie. Ukichelewa lazima uonyeshe kwamba mambo yamebadilika, mfano vita imerudi kwenu au hali yako binafsi imebadilika, au kulikuwa na sababu nzito iliyokuzuia. Tangu 2025 kuna ada za kuomba na za kila mwaka. Ukikubaliwa, mwaka mmoja baadaye unaomba grini kadi.

Sasa kuhusu kujilipua, yaani kuomba hifadhi kwa stori ya uongo. Kuna watu wanauza stori: sema wewe ni Mrundi, sema ni Msomali, sema ulifungwa. Jaji akiamua kwamba ombi lako lilikuwa la uongo wa makusudi, na ulikuwa umeonywa (onyo liko kwenye fomu yenyewe), unafungiwa karibu kila faida ya uhamiaji maisha yako yote, hata ndoa ya kweli haitakuokoa. Alama za vidole zako zilishachukuliwa siku ulipoomba viza ukiwa Mtanzania. Nasema haya kwa uchungu kwasababu wapo wenye hofu ya kweli kabisa, mwanasiasa wa upinzani, mtu wa Goma aliyekimbia risasi, wanaambiwa waache stori yao ya kweli wanunue ya mtu. Semeni yenu.

Wakongo na wengine waliokuja kwa mpango wa wakimbizi kupitia UNHCR hawamo kwenye ukurasa huu, nyie mna uhalali tangu siku ya kwanza, ila mkaombe grini kadi mkitimiza mwaka, kuna familia bado hazijaomba.

12. Nikishinda bahati nasibu ya grini kadi je, si inafuta yote?

Haifuti. Ukishinda ukiwa hapa bila uhalali huwezi kumalizia ndani (labda uwe na 245(i) ya swali la 2), na ukitoka kwenda ubalozini unakutana na swali la 4. Kabla hujamlipa mtu wa fomu, angalia kwanza kama bahati nasibu yenyewe iko wazi na kama viza za nchi yako hazijazuiwa.

13. Hospitali inataka kunisponsa, mimi ni nesi. Inawezekana?

Kwa njia ya kazi sheria inavumilia mpaka siku 180 za kukaa au kufanya kazi bila uhalali tangu ulipoingia mara ya mwisho. Zaidi ya hapo huwezi kumalizia ndani. Kwahiyo kama viza yako inaisha mwezi ujao, ongea na mwajiri sasa hivi, usisubiri iishe.

14. DACA, TPS, ule mpango wa Biden wa wenza wa raia, na ile "ukikaa miaka 10 unapewa". Ipi ni kweli?

DACA na TPS ni kinga ya muda na kibali cha kazi, sio grini kadi. DACA ni ya walioletwa wakiwa watoto na waliokuwa hapa tangu kabla ya katikati ya 2007. TPS inategemea nchi, Warundi waliwahi kuwa nayo kuanzia 1997 mpaka 2009 ikaondolewa. Mpango wa wenza wa raia ulitangazwa Juni 2024 na mahakama ya Texas ikaufuta Novemba mwaka huohuo. Anayekuuzia fomu zake leo anakuibia.

Hiyo ya miaka 10 ipo lakini sio kama inavyosemwa. Huwezi kuiomba ofisini, ni ya kujitetea mbele ya jaji ukiwa tayari kwenye kesi ya kudipotiwa. Uwe umekaa miaka 10 mfululizo, mwenendo mzuri, huna makosa fulani, na uthibitishe kwamba mwenza, mzazi au mtoto wako aliye raia au mwenye grini kadi atateseka kwa kiwango cha pekee kabisa. Hapa mtoto anahesabika. Kutengana tu hakutoshi, waliofanikiwa mara nyingi ni wenye mtoto mgonjwa au mwenye ulemavu ambaye hatapata matibabu kwenu. Nafasi ni 4,000 kwa mwaka nchi nzima. Kujipeleka mwenyewe mahakamani ili uipate ni kucheza kamari na maisha ya familia.

## Pale mambo yanapoharibika

15. Mama amefariki nyumbani. Niende nikazike halafu nitajua mbele ya safari?

Pole sana. Hili ni gumu kuliko yote, na kesi nyingi nzuri zimefia hapa. Ukiwa umepitiliza zaidi ya mwaka, kutoka hata kwa wiki moja kunawasha ban ya miaka 10. Ukiwa na amri ya zamani ya kudipotiwa, kutoka ni kujidipoti. Ukiwa na I-485 inayosubiri ukaondoka bila kibali, kwa kawaida ombi lako linahesabika umeliacha. Na ukirudi kwa njia ya panya baada ya kukaa jumla ya zaidi ya mwaka, ban inakuwa ya kudumu, huwezi hata kuomba ruhusa mpaka ukae nje miaka 10.

Mwenye I-485 inayosubiri anaweza kuomba kibali cha kusafiri, advansi paroli, kwa fomu I-131, na kwa msiba unaweza kuomba cha dharura ukiwa na cheti cha kifo au barua ya hospitali. Hata nacho, afisa wa eapoti ndiye mwenye neno la mwisho, ongea na loya kwanza. Ambaye hana chochote, wengi wamebaki wakazika kwa video huku ndugu wa huku wamekuja kukaa nao tanga. Hakuna atakayekulaumu mwenye kujua sheria hii. Waeleze ndugu zako nyumbani mapema, kabla ya simu ya usiku, ili siku hiyo wasikuite umewasahau.

16. Nilipoanza kazi nilitiki kisanduku cha "raia wa Marekani". Kuna shida?

Kubwa. Kudai uraia wa uongo kwa faida yoyote tangu Septemba 1996 ni kizuizi cha kudumu, na kwa grini kadi kwa kawaida hakina msamaha. Hivyohivyo kujiandikisha kupiga kura, hata kama mtu wa ofisi ya leseni ya udereva ndiye alikuuliza haraka ukasema ndiyo. Usijaze ombi lolote kabla loya hajaiona fomu hiyo, na usiitiki tena.

17. Niliingia kwa paspoti ya binamu yangu.

Kama ilikuwa ya Tanzania au Kenya yenye viza, ni udanganyifu, ila kuna msamaha wa I-601 ukiwa na mwenza au mzazi raia au mwenye grini kadi. Kama ilikuwa paspoti ya Marekani, rudi swali la 16.

18. Mimi ni baharia, niliteremka melini nikabaki.

Aliyeingia kama baharia hawezi kumalizia kesi ndani hata akioa raia, ingawa alikaguliwa. Wengi wenu wa Mombasa na Tanga mnaambiwa vinginevyo. Njia yenu ni ile ya swali la 7, au 245(i), au la 10 kama linakuhusu. Aliyezamia melini bila kuonwa na mtu huyo ni sawa na aliyevuka mpaka.

19. Nilikosa kwenda mahakamani miaka ile, sijui jaji aliamua nini.

Kwa kawaida aliamuru udipotiwe bila wewe kuwepo. Angalia kwa namba yako ya A (namba ya faili lako la uhamiaji) kwenye mfumo wa mahakama za uhamiaji. Kama barua ya wito haikukufikia, unaweza kuomba kesi ifunguliwe wakati wowote, kama uliumwa au ulipata dharura kubwa ni ndani ya siku 180. Ukihama nyumba, mahakama uiambie ndani ya siku 5 na USCIS, ofisi ya maombi ya uhamiaji, ndani ya siku 10, ni ofisi mbili tofauti.

20. Kwa hali ya sasa, kuomba sio kujipeleka mwenyewe?

Hofu yenu ni ya haki. Tangu 2025 ombi likikataliwa na huna uhalali, unaweza kupewa wito wa mahakama moja kwa moja, na watu wamekamatwa mahakamani na hata kwenye intavyuu. Kwahiyo kesi dhaifu za "tujaribu tu" acheni kabisa. Kesi yenye nguvu, mfano ya swali la 5 na huna rekodi ya jinai wala amri ya zamani, loya akishaona faili, mara nyingi kuendelea kukaa bila chochote ni hatari zaidi. Hizo hela ambazo serikali inawaahidi wanaojiondoa wenyewe nchini kwa app yake hazifuti ban ya swali la 4.

Kuhusu kodi, kulipa kwa ITIN (namba ya kodi ya asiye na Social Security) kunasaidia kuonyesha mwenendo mzuri. Ila 2025 mamlaka ya kodi ilikubaliana kupeana taarifa na ICE, jambo likapelekwa mahakamani, hivyo ongea na loya kuhusu anwani unayoweka.

21. Fulani wa jumuiya yetu anajaza fomu kwa dola 300, loya anataka elfu kadhaa. Si fomu ni zilezile?

Anayeruhusiwa kukushauri ni loya mwenye leseni au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria kwenye shirika linalotambuliwa, na mashirika hayo mengi ni bure au bei ndogo, orodha iko kwenye tovuti ya mahakama za uhamiaji. Yule mwingine akikosea hawajibiki, jina kwenye fomu ni lako na saini ni yako. Usisaini karatasi tupu, dai nakala ya kila ukurasa.

22. Mtu wetu ameshikwa na ICE asubuhi hii. Tuanzie wapi?

Mtafuteni kwenye mfumo wa ICE wa kutafuta waliozuiliwa, kwa namba ya A au kwa jina, nchi na tarehe ya kuzaliwa, na mjaribu majina kwa tahajia tofauti. Serikali haimlipii wakili kwenye kesi hii, kwahiyo mchango wa kwanza uende kwa loya. Akipiga simu mwambieni ana haki ya kukaa kimya, ana haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe, na asisaini kitu chochote asichokielewa, hasa karatasi ya kukubali kuondoka, hata akiambiwa ndiyo njia ya haraka ya kutoka humo. Kama anaogopa kurudi kwao aseme wazi, kwa kila afisa, mpaka iandikwe. Na aliyebaki nyumbani akusanye leo paspoti yake, vyeti vya watoto, risiti za kodi za miaka yote na namba ya A, loya ataviomba kabla ya jua kuzama.